Mzio mkali baada ya kuumwa na nyuki au nyigu: kuutambua na kuokoa maisha

Watu wengi wanaoumwa na nyuki au nyigu hupata maumivu, uvimbe kidogo na kuwashwa, na baada ya siku moja au mbili wamekwisha kusahau. Wapo hata hivyo wachache ambao mwiba mmoja tu hutosha kuwabana pumzi na kuwaangusha chini kabla ya robo saa kupita. Hali hiyo ni mzio mkali, nao matabibu huuita anafilaksia. Ni hali inayoua upesi, lakini dawa yake inafahamika, si ya gharama kubwa, na yapaswa kuwapo hata katika zahanati ndogo: sindano ya adrenalini.

Mgonjwa anaweza kupotea huku dawa hiyo iko kilomita chache tu kutoka mahali alipo. Anapotea kwa sababu waliomzunguka hawakutambua dalili, au walitumia dakika za thamani kumpaka vitunguu, au walimpandisha kwenye pikipiki akiwa ameketi wima wakati damu haifiki tena kichwani. Katika makala hii tunakusudia kuwasaidia waamini, hasa wazazi, makatekista, walimu, wafuga nyuki na viongozi wa jumuiya ndogondogo, wajue nini cha kutazama na nini cha kufanya. Maelezo haya hayachukui nafasi ya tabibu. Yanamsaidia mgonjwa afike kwa tabibu akiwa hai.

Nchi yenye nyuki wengi

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozalisha asali kwa wingi barani Afrika, na misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma imewalisha warina asali kwa vizazi vingi. Nyuki wetu wanasifika kwa asali yao, na vilevile kwa ukali wao wa kutetea mzinga. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka nchini mwake malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika kwa ajili ya utafiti. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, na uzao wao ukaenea Amerika ya Kusini na ya Kati, hatimaye ukafika Marekani. Watu wa huko waliogopeshwa na ukali ule ule ambao sisi tumeuzoea tangu utoto.

Nyuki hao hukaa karibu nasi. Hujenga chini ya paa la kanisa, ndani ya mnara wa kengele, katika matundu ya kuta za darasa, na katika miti mikubwa ya makaburini. Mahali hapo hapo ndipo tunapokusanyika kwa Misa za nje, maziko, mafundisho ya watoto na kazi za pamoja za kufyeka nyasi. Mtikisiko, kelele za mashine, au moto uliowashwa chini ya mti wenye nyuki hutosha kuwachokoza.

Si nyuki pekee. Nyigu, mavu, dondora na baadhi ya sisimizi wanaodunga nao waweza kuleta mzio mkali. Tofauti moja inafaa kukumbukwa: nyuki wa asali huacha mwiba wake ngozini pamoja na kifuko cha sumu, kisha hufa; nyigu huondoka na mwiba wake, naye aweza kuuma tena na tena.

Kinachotokea mwilini

Sumu ya wadudu hawa ina protini ambazo kwa watu wengi huleta maumivu ya mahali pamoja tu. Kwa watu fulani, mwili ukishakutana na sumu hiyo huitambua kama adui mkubwa, nao hutengeneza kingamwili za pekee dhidi yake. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye chembe zilizotawanyika katika ngozi, njia ya hewa, tumbo na kandokando ya mishipa ya damu. Mtu hajisikii lolote wakati huo. Anapoumwa tena, labda baada ya miezi au miaka, chembe hizo humwaga kwa pamoja kemikali kali, ikiwamo histamini. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja maji yake, hivyo shinikizo la damu hushuka ghafla. Njia ya hewa hubana. Koo na ulimi huvimba.

Jambo hili lilielezwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, mwaka 1902. Waliona kwamba mbwa waliostahimili dozi ya kwanza ya sumu ya mnyama wa baharini waliweza kufa kwa dozi ndogo zaidi ya pili iliyotolewa wiki kadhaa baadaye. Ndio walioipa hali hiyo jina la anafilaksia, na Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kutokana na hayo twajifunza mambo mawili. Kwanza, kuumwa zamani bila madhara si kinga: mtu aliyerina asali kwa miaka 20 anaweza kupata mzio mkali katika mwaka wa 21. Pili, ndugu wawili wanaweza kuumwa na nyuki wa mzinga mmoja, mmoja akarudi shambani na mwingine akaanguka. Tofauti iko katika kingamwili za miili yao. Haiko katika jicho la jirani wala katika mkono wa mtu. Twasisitiza neno hili kwa sababu vifo vya ghafla namna hii huzaa tuhuma za uchawi, na tuhuma hizo huongeza msiba juu ya msiba: familia inayompoteza mtu wake humpoteza pia jirani yake, na ndugu wa marehemu ambaye naye ana mzio hapelekwi kwa tabibu, kwa kuwa wote wanaamini chanzo ni kingine.

Namna nne za mwili kuipokea sumu

Si kila uvimbe ni hatari. Ni vema kuzitofautisha hali nne.

*Uchungu wa kawaida.* Maumivu, wekundu na uvimbe mdogo mahali palipoumwa. Hupungua baada ya saa chache au siku moja, mbili. Maji baridi na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha.

*Uvimbe mkubwa wa mahali pamoja.* Uvimbe huzidi sentimita 10. Mkono mzima waweza kujaa. Huongezeka kwa siku moja au mbili na waweza kuchukua wiki moja au zaidi kwisha. Unasumbua, lakini kwa kawaida hauhatarishi uhai, isipokuwa mtu akiumwa mdomoni au kooni, ambako uvimbe waweza kuziba njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

*Mzio wa mwili mzima.* Dalili huonekana mbali na mahali palipoumwa. Mtu ameumwa kidoleni, lakini midomo inavimba, mwili wote unawasha, au kifua kinabana. Hii ndiyo hali tunayoizungumzia katika makala hii.

*Sumu nyingi kwa wakati mmoja.* Mtu aliyeshambuliwa na kundi la nyuki anaweza kudhurika hata kama hana mzio wowote, kwa sababu ya wingi wa sumu. Misuli na figo huweza kuharibika, na dalili kuchelewa kwa saa nyingi. Mtu mzima aliyeumwa mara 50 au zaidi, na mtoto au mzee hata kwa idadi ndogo kuliko hiyo, apelekwe hospitali ingawa anasema hajambo. Mkojo ukibadilika na kuwa wa rangi ya chai au kahawia, hiyo ni ishara ya hatari.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: tazameni mbali na mahali palipoumwa. Uvimbe wa mkono ulioumwa ni habari ya mkono. Dalili za uso, pumzi, tumbo au fahamu ni habari ya mwili mzima.

Dalili za hatari

Dalili za mzio mkali huanza kwa kawaida ndani ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya nusu saa kupita. Tazameni haya:

- Ngozini: mabaka mekundu yaliyoinuka, kuwashwa mwili mzima, hasa viganjani, nyayoni na kichwani, kuvimba midomo, kope au uso.
- Kooni na kinywani: ulimi kuvimba, sauti kukwaruza au kubadilika, kushindwa kumeza mate, mgonjwa kusema koo linafunga.
- Kifuani: kukohoa mfululizo, kuhema kwa shida, mluzi wa kifua kama wa mwenye pumu.
- Katika damu na fahamu: kizunguzungu, udhaifu wa ghafla, mapigo ya moyo ya haraka na dhaifu, ngozi baridi yenye jasho, kuchanganyikiwa, kuzimia.
- Tumboni: maumivu makali, kutapika mara kwa mara, kuharisha, kushindwa kuzuia haja.

Wagonjwa wengi husema mapema kwamba wanahisi jambo baya linakuja, hata kwamba wanakufa. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni woga. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kusema, angalieni kama amelegea ghafla, amepauka, sauti ya kilio chake imebadilika, au anahema kwa kuvuta mbavu.

Mabaka ya ngozi si lazima yaonekane. Wapo wagonjwa, hasa wanaoshambuliwa vikali na kwa haraka, ambao huanguka bila upele wowote. Kwa hiyo mtu aliyeumwa na mdudu kisha akazimia au akaanza kuhema kwa shida ahesabiwe kuwa ana mzio mkali hata kama ngozi yake ni safi.

Hatua za kuchukua, kwa mpangilio

1. *Mwondoeni mgonjwa mahali penye nyuki.* Msaidizi anayeumwa naye hawezi kusaidia mtu.

2. *Toeni mwiba mara moja.* Kifuko kilichobaki ngozini huendelea kusukuma sumu, na sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya sekunde 20 hivi. Msitafute kisu wala kibano, ukucha watosha. Kukwangua au kuchomoa ni sawa, ilimradi iwe haraka. Zikishapita dakika mbili, msipoteze muda kwenye miba. Shughulikeni na dalili.

3. *Mlazeni chali na kuinua miguu yake* juu ya kiti, gunia au mkoba, ili damu irudi moyoni. Kama anahema kwa shida, aketi huku miguu imenyooshwa mbele. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu.

4. *Asisimame wala asitembee,* hata kama anasema amepata nafuu, hata kwa kwenda chooni. Wakati wa mzio mkali, kuinuka ghafla huweza kusimamisha moyo, kwa kuwa damu haitoshi tena kuujaza.

5. *Kama ana adrenalini aliyoandikiwa na tabibu, achomwe mara moja,* upande wa nje wa paja, katikati, hata kupitia nguo. Msingoje hali iwe mbaya zaidi. Kuchelewa kuchoma kunahatarisha zaidi kuliko kuchoma mapema.

6. *Pigeni simu na mtume mtu.* Semeni waziwazi kwa mhudumu wa afya: "Ameumwa na nyuki, anahema kwa shida, anahitaji adrenalini." Sentensi hiyo humfanya aandae dawa kabla mgonjwa hajafika.

7. *Akiacha kupumua na hana fahamu, anzeni kumkanda kifua.* Wekeni viganja katikati ya kifua, bonyezeni kwa nguvu kufikia kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi atoe mbili baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejua aendelee kubonyeza tu. Msiache mpaka msaada ufike.

Bodaboda imfuate muuguzi

Vijijini kwetu chombo cha kwanza kupatikana ni pikipiki. Kwa mgonjwa aliyevunjika kidole hakuna neno. Kwa mgonjwa wa mzio mkali kuna hatari kubwa. Anaketishwa wima huku shinikizo la damu limeshuka, na barabara inamtikisa. Akizimia njiani, anayemshika nyuma hawezi kumlaza wala kumsaidia kupumua.

Kwa hiyo tunashauri jambo moja ambalo kila jumuiya yaweza kulipanga mapema: pikipiki imfuate muuguzi, imlete pamoja na adrenalini hadi alipo mgonjwa. Safari ya kwenda na kurudi yaweza kuonekana ndefu, lakini mgonjwa anakuwa amelazwa, na sindano inamfikia kabla ya kutikiswa. Mipango hiyo hufanywa na uongozi wa zahanati kabla ya siku ya dharura. Muuguzi wa zamu aliye peke yake huenda asiweze kuacha wagonjwa wengine, na ni vema kujua hilo mapema kuliko kulijua siku hiyo.

Kama kuna gari, pickup au bajaji ambamo mgonjwa anaweza kulala au kujinyoosha, itumike hiyo, naye alazwe muda wote. Kama hakuna njia nyingine kabisa isipokuwa pikipiki, aende akiwa kati ya dereva na mtu mwenye nguvu anayemshikilia. Akianza kulegea, pikipiki isimame na mgonjwa alazwe chini, miguu juu, huku simu ikipigwa. Kufika kituoni haraka kuna maana iwapo mgonjwa anafika akiwa hai.

Matibabu katika zahanati na hospitali

Dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hubana mishipa iliyotanuka, huinua shinikizo la damu, hufungua njia ya hewa, na huzuia chembe zisiendelee kumwaga kemikali. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote hayo kwa dakika chache.

Kwa ajili ya wahudumu wa afya walio miongoni mwa wasomaji wetu, tunakumbusha vipimo vinavyokubalika. Adrenalini ya miligramu 1 katika mililita 1 huchomwa katika msuli wa paja, upande wa nje: mililita 0.5 kwa mtu mzima na kijana aliyezidi miaka 12, mililita 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.15 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6. Dozi hurudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Haichomwi chini ya ngozi, kwa sababu huko huchelewa kufika kwenye damu. Wala haichomwi ndani ya mshipa, isipokuwa na wataalamu wenye vifaa vya kufuatilia moyo.

Baada ya sindano hiyo hufuata oksijeni, maji ya dripu kwa aliyeshuka shinikizo la damu, na dawa ya kuvuta ya pumu kwa anayebanwa kifua. Dawa za kupunguza mzio na zile za jamii ya haidrokotisoni zaweza kuongezwa, lakini zinafuata nyuma. Zisiwe sababu ya kuchelewesha adrenalini.

Mgonjwa aliyechomwa aweza kutetemeka, kupauka na kusikia moyo ukienda mbio. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi. Uzee, ujauzito au shinikizo la juu la damu si sababu ya kumnyima mtu sindano hii anapokuwa katika hatari ya kufa. Wanaotumia dawa za moyo za kupunguza mapigo wamwambie mhudumu, kwa maana dawa hizo zaweza kupunguza nguvu ya adrenalini.

Nafuu ya haraka isiwadanganye ndugu wakamwondoa mgonjwa. Mzio waweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kuumwa tena. Aliyepata mzio mkali akae chini ya uangalizi kwa saa 6 hadi 12, au zaidi kadiri tabibu atakavyoona.

Mambo yasiyookoa

Vitunguu, tope, mafuta ya taa, majivu na asali hupakwa kwa nia njema. Baadhi yake huweza kutuliza ngozi. Hakuna hata kimoja kinachofungua koo lililovimba. Maziwa na vinywaji vingine asipewe anayehema kwa shida au aliyelegea, kwa sababu vyaweza kumpalia. Kufunga kamba juu ya mahali palipoumwa hakuzuii mzio, bali huumiza mkono au mguu.

Vidonge vya kuzuia mzio, ambavyo wengi hukijua kimojawapo kwa jina la piriton, hupunguza kuwashwa na mabaka. Haviinui shinikizo la damu wala havifungui njia ya hewa. Kumpa mgonjwa kidonge na kusubiri kuona kitakachotokea ni kuutumia vibaya muda ule mfupi uliopo.

Je, sala? Tusali, na tusali kwa moyo wote, lakini miguu ikiwa njiani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinafundisha kwamba tabibu na dawa vyatoka kwa Mungu yule yule tunayemwomba. Kumwita muuguzi si upungufu wa imani.

Mnapovamiwa na kundi la nyuki

Nyuki anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake. Wengi huifananisha na harufu ya ndizi mbivu. Kumponda nyuki huongeza harufu hiyo. Kwa hiyo msirushe mikono wala msipigane nao. Funikeni uso kwa nguo mkiacha nafasi ya kuona, mkimbie moja kwa moja bila kusimama, mwingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Nyuki wachache watakaoingia nanyi ni hatari ndogo kuliko kundi lililo nje. Msijitose mtoni wala bwawani: nyuki huweza kusubiri juu ya maji, na wengi wetu hatujui kuogelea.

Katika mkusanyiko, kiongozi aelekeze watu kwa sauti tulivu waelekee upande mmoja, na watu wazima walioteuliwa wabebe watoto na wazee. Wanaoanguka katika msongamano nao huumia.

Baada ya kupona

Aliyewahi kupata mzio mkali yumo katika hatari ya kuupata tena akiumwa na mdudu wa jamii ile ile. Kwa watu wazima, wataalamu hukadiria uwezekano huo kuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili. Aliyepata tu uvimbe mkubwa wa mahali pamoja ana hatari ndogo zaidi, isiyozidi mtu mmoja kati ya 10.

Mtu huyo aandikiwe jambo hili katika kadi au daftari lake la matibabu. Awaambie mke au mume, watoto, mwalimu na viongozi wa jumuiya yake. Amwulize tabibu kama anaweza kuwa na adrenalini nyumbani na kufundishwa yeye pamoja na ndugu yake jinsi ya kuitumia. Ihifadhiwe mahali penye giza, pasipo joto kali, na tarehe ya mwisho itazamwe. Dawa nzuri ni angavu kama maji. Ikigeuka rangi kuwa ya pinki au kahawia, itupwe na nyingine itafutwe.

Ipo tiba ya kuuzoesha mwili kwa kuchomwa sumu kidogokidogo kwa muda wa miaka 3 hadi 5. Ina mafanikio makubwa, lakini hupatikana kwa shida katika hospitali nyingi za kwetu. Mfuga nyuki aliyewahi kuzimia baada ya kuumwa, akikosa tiba hiyo, afikirie kwa uzito kumkabidhi mwingine mizinga yake.

Yaliyo ndani ya uwezo wa parokia

Hatuwezi kuwaondoa nyuki wote, wala haifai. Wanachavusha mazao yetu, wanatupa asali, na wanatupa nta ya mishumaa. Yapo hata hivyo mambo ambayo halmashauri ya walei na kamati za afya zaweza kuyafanya bila gharama kubwa:

- Kukagua paa, mnara, vyumba vya madarasa na miti ya makaburini, hasa kabla ya sherehe kubwa. Makundi yaliyokutwa yaondolewe na wafuga nyuki wenye ujuzi, jioni au usiku, watu wakiwa mbali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.
- Kuuliza zahanati iliyo karibu maswali matatu: Je, adrenalini ipo leo? Nani yuko zamu usiku na Jumapili? Je, muuguzi anaweza kuletwa kwa pikipiki?
- Kubandika kwenye ubao wa matangazo namba ya simu ya zahanati, ya dereva wa bodaboda anayeaminika, na ya mwenye gari.
- Kuwajua waamini waliowahi kupata mzio mkali, ili wasipangiwe kufyeka makaburi wala kupanda darini.
- Kumwalika muuguzi katika mkutano wa jumuiya afundishe kumlaza mgonjwa na kukanda kifua. Siku ya kufaa ni karibu na 7 Desemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Ambrosi, ambaye mapokeo humtaja kuwa msimamizi wa wafuga nyuki.

Swali la kwanza kati ya yale matatu ndilo zito kuliko yote. Kama jibu ni kwamba adrenalini haipo, basi uongozi wa parokia ulifikishe jambo hilo kwa kamati ya zahanati na kwa mganga mkuu wa wilaya, na uendelee kuuliza mpaka ipatikane. Chupa hiyo ndogo ya mililita moja ikiwa kabatini, na watu wakijua kuilaza miguu ya mgonjwa juu na kumfuata muuguzi, mwiba wa nyuki mmoja hautatosha kumwondoa mtu katika familia yake.